Uso Niliouchora kwa Onyesho la Kwanza

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mabango ya jumba moja la sinema huko Guangzhou, China, sikupewa brashi. Nilipewa sufuria ya gundi niikoroge juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke, kisha niichanganye na rangi ya unga. Gundi ikizidi, rangi hupasuka inapokauka. Ikipungua, mvua ya kwanza inaiosha yote. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa sanaa kutoka Iringa, nimekuja kwa ufadhili wa masomo, na chuo kilikuwa kimenipeleka pale kwa mafunzo ya vitendo. Nilikoroga bila kulalamika, maana juu ya kichwa changu, kwenye turubai lililofika darini, palikuwa na sikio la mtu kubwa kuliko mlango.

Mkuu wa karakana tulimwita Shifu, jina ambalo Wachina humpa fundi aliyebobea. Alikuwa mzee mwembamba, si msemaji. Kutoka kwenye gundi alinihamishia kwenye herufi, na baada ya herufi akanifundisha miraba. Unachora vijumba juu ya picha ndogo, unapiga vijumba vile vile, vikubwa, kwenye turubai kwa uzi uliopakwa chaki, kisha unahamisha kijumba kimoja kimoja. Ukiwa juu ya jukwaa la mianzi huoni uso, unaona bonde la rangi tu. Inabidi ushuke, uvuke barabara na kugeuka ndipo ujue kama umechora pua au kilima. Watanzania wenzangu waliokuja kununua nguo kwenye maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu walinikuta nikienda na kurudi hivyo, wakadhani nimepotea.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Meneja wa jumba alitushukia karakanani na habari. Filamu ya kale ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, ambayo haikuwahi kuonyeshwa katika jiji lile, ingezinduliwa kwetu. Mwigizaji wake mkuu, ambaye sasa alikuwa bibi mzee, angekuja mwenyewe kutoka Marekani.

"Uso atauchora mwalimu," alimwambia Shifu. "Yeye ni mgeni na yule ni mgeni. Watajuana."

Mmarekani pekee niliyewahi kuongea naye alikuwa padri wa misheni. Lakini Shifu hakupinga. Alimwomba mwendesha mitambo atuonyeshe filamu sisi wawili, katika ukumbi mtupu. Taa zilipozimwa na uso wa yule mwigizaji, bado msichana, ukajaa skrini, nilishika mkono wa kiti. Nilikuwa nimezoea nyuso kubwa, ila zangu hazikupumua. Katika karamu moja alicheka, na kicheko kikaishia mashavuni. Macho hayakucheka.

"Umeona?" Shifu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona, Shifu."

"Basi chora ulichokiona."

Picha tuliyoletewa haikuwa na rangi, na Meneja alitaka bango la rangi. Alisema macho yawe ya buluu, kwa kuwa Wamarekani wana macho ya buluu. Mimi nilijaribu buluu, nikavuka barabara, nikaona mwanasesere. Nikarudi nikayapaka kahawia nzito, kwa sababu sikujua rangi nyingine ya kubebea huzuni ile.

Meneja alipokuja kukagua alilitazama bango kutoka juu mpaka chini. "Anacheka au analia?" akauliza.

"Anacheka," nikasema.

"Bu xing. Haiwezekani hivi, na macho nilisema ya buluu. Wenye mashine za kuchapa mabango wananibembeleza kila wiki. Mgeni akichukia, nalishusha hilo na karakana naifunga."

Nilimtazama Shifu, nikijua kwamba kazi iliyokuwa hatarini ni yake na ya wenzake. Mimi ningerudi chuoni. Nikamwambia niko tayari kubadilisha.

"Acha kama lilivyo," Shifu alisema, akaendelea kuosha brashi.

Siku ya uzinduzi watu walijaa mpaka barabarani. Bibi alishuka garini amevaa miwani myeusi, Meneja akimshika mkono. Alipanda ngazi mbili, akainua kichwa, akasimama. Kisha akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya buluu, buluu iliyofifia kama shati lililofuliwa mara nyingi.

"Nani amechora hili?" aliuliza kwa Kiingereza.

Meneja alininyooshea kidole. Nilisogea. "Ni mimi, mama. Rangi ya macho nimekosea. Naomba radhi."

"Umekosea, ndiyo." Hakunitazama, bado aliangalia juu. "Wiki tuliyopiga picha za ile karamu nilikuwa nimetoka kumzika baba yangu. Niliambiwa nicheke, nikacheka. Nilidhani nimeficha vizuri."

Kisha akauliza kama anaweza kumsalimia mkubwa wangu wa kazi. Nilimwita Shifu, akaja akifuta mikono kwenye suruali, na bibi akamwinamia kidogo, kama mtoto anavyomwamkia babu yake. Meneja naye akainama, haraka kuliko wote. Karakana haikufungwa mwaka ule.

Ndani ya ukumbi nilikaa pembeni, karibu na pazia. Filamu ilipofika kwenye karamu, watu walicheka pamoja naye, lakini mimi niligeuka kumtazama bibi mwenyewe kitini pake. Mwanga wa uso wake wa ujana ulikuwa umemwangukia usoni, na midomo yake ilitamka maneno yale yale, bila sauti. Mpaka leo sijui niiite nini hali ile.

Filamu ilipomaliza zamu yake, Shifu alinipa ndoo ya chokaa niufunike uso ule. Turubai lilikuwa moja tu, na filamu nyingine ilisubiri. Nilianza na mashavu. Macho niliyaacha mwisho.

Nilirudi nyumbani, nikafundisha uchoraji mpaka nilipostaafu. Mabango siku hizi huchapwa kwa mashine, na sina ugomvi na mashine. Vijana huniuliza kama nina picha ya kazi ile. Sina. Ninachowaambia ni kwamba nilisimama chini yake, mwenye uso akiwa hai ubavuni mwangu, na sote wawili tulikuwa tunatazama juu.