Jungu la Nyanjige

Nyanjige wa Migato hakuwa na cheo chochote ila kimoja: wageni wa serikali wakija, yeye ndiye mpishi. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hicho kilimtosha.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Pamba ilinunuliwa na kila mwenye lori, na hata wanyama wa porini walikuwa wamepata mwekezaji. Bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, akaja kutoka Bariadi kukusanya maoni: mpaka wa pori la akiba usogezwe hadi upande wetu wa mto, au ubaki? Ukisogezwa, visima vya mchangani vingeingia porini, na ng'ombe wa Nyanjige hawakuwa na maji mengine kiangazi.

Sasa sisi tuna ugonjwa wetu. Mgeni akishakula kwako, kumpinga ni aibu. Alipokuja mara ya kwanza tulimlisha mbuzi, ndipo akauliza maoni. Tukapiga makofi kwa adabu, na malisho ya kilimani yakaingizwa porini hivyo hivyo.

Safari hii Nyanjige alichomoa kuni jikoni. Mwenyekiti wa kijiji, Bundala, akaja mbio.

“Mayu, mama yetu, chakula! Wageni wana njaa.”

“Nyama bado ngumu, baba. Waanze na maoni.”

“Mbuzi amechinjwa alfajiri!”

“Alikuwa mzee.”

Mzee wapi! Mbuzi yule alikuwa bado ananyonya juzi juzi. Basi mkutano ukaanza na matumbo matupu, na njaa ikatufungua midomo. Hata Shija, mume wake, ambaye nyumbani huongea kwa kukohoa, alisimama.

“Kile kisima alikichimba baba yangu,” alisema. “Mkikichukua, ng'ombe wangu wanywe wapi?”

Bwana nyama aliandika, jicho moja likiwa jikoni. Msemaji wa mwisho alipokaa, nyama iliiva ghafla.

Baada ya msimu wa mvua bwana nyama alirudi. Nyanjige alimpokea na mwiko mkononi.

“Mayu, leo nile kwanza au niseme kwanza?”

“Sema.”

“Maoni yenu yamesikilizwa. Mpaka unabaki pale pale.”

Nyanjige alilia waziwazi, akaupakua ugali. Akamwekea mgeni sahani mbele, nyama imejaa hadi ukingoni. Bwana nyama aliponyoosha mkono, Nyanjige akaivuta sahani nyuma kidogo.

“Na yale malisho ya kilimani?”

Bwana nyama aliitazama ile nyama, akatoa kalamu.