Fizikia ya Machela

Juzi nilikuwa stationari moja hapa Same mjini, nasubiri kutoa kopi. Mbele yangu alikuwepo binti aliyemaliza kidato cha nne pamoja na bibi yake, wameshuka kutoka milimani kuja kuchagua tahasusi ya kidato cha tano kwenye mtandao. Binti anataka udaktari, ila fizikia anaikimbia.

"Bila fizikia, udaktari usahau," dada wa kompyuta akamwambia.

"Siiwezi, dada."

Bibi akaegemea fimbo. "Hiyo fizikia inahusu nini?"

"Uzito, bibi. Mizani, miteremko, vitu kusukumana."

Bibi akamshika mjukuu wake kidevu. "Nilipovunjika mguu, vijana wakanibeba kwa machela. Kila tukishuka nateleza kuelekea miguuni. Nani aliwaambia warefu wakae mbele, wafupi nyuma?"

"Mimi," binti akajibu, macho chini.

"Machela ikalala sawa, sikuteleza tena mpaka barabarani."

Binti akacheka kidogo, kisha akamwambia dada, "Weka fizikia, kemia na baiolojia."

Kazini nimesoma barua nyingi za kumsifia mwombaji wa chuo. Hii ndiyo ya kwanza kuisikia ikitoka kwa mzigo wenyewe.