Jiwe la Kijani Lililogeuka Jekundu

Miaka sita nauza vito hapa Arusha, na nilijiona nazijua rangi zote. Asubuhi moja, mzee mmoja wa kijiji cha Kikwe alinikabidhi jiwe la kijani pale mlangoni mwa duka. Nikampa Eliamani, mkata vito wetu, alisafishe. Nilipolifuata kwenye chumba chake kisicho na dirisha, chini ya balbu ya njano, akanipa jiwe jekundu.

“Umebadilisha jiwe la mzee,” nikasema, nikawaita bosi na mzee mwenyewe waje washuhudie.

Eliamani alilichukua mkononi mwangu. Alilitoa nje, likawa kijani. “Jua lina kijani kingi, balbu ina wekundu mwingi. Jiwe hili hufuata mwanga,” akasema.

Mzee akamgeukia bosi, akamuuliza kwa upole, “Huyu kijana ameanza kazi leo?”