Nyibol na Chipu ya Friji ya Chanjo

Nyibol hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa miguu akiwa msichana, akasoma kambini hadi akapata diploma ya elektroniki. Lakini wiki ile ya Machi 2013, hofu ilimshika kila alipowasha kompyuta.

Karakana yao ilikuwa ikibuni chipu ya kuongoza friji za sola za kutunzia chanjo. Kiwanda cha ng'ambo kiliwapa nafasi moja ya kutengenezewa chipu bure. Mchoro ufike Ijumaa. Chipu ikishatengenezwa haisahihishwi, na ikikosea, chanjo huharibika kimya kimya na watoto huchomwa sindano zisizo na kinga.

Leseni ya programu ya majaribio ilikuwa moja, wachague: programu ya uhakiki, inayokagua kama chipu inatii kila amri iliyoandikwa, au programu ya kuiga mfumo mzima, yaani jua, betri, friji na chipu kwa pamoja. Mutua, msimamizi wake aliyekaa mjini Lodwar, alitaka ya kuiga. Nyibol akashikilia uhakiki. Hofu ndiyo iliyomchagulia: aliogopa kosa la mkono wake kuliko kosa lingine lolote.

Jumatano uhakiki ukaisha. Kosa hata moja hakuna. Akaenda zahanati kupima mahali pa kufunga kifaa, akakuta nyaya zinaning'inia kwenye betri ya friji, na simu tisa zinachaji.

"Sista Awut, hizi ni za nani?" alimuuliza muuguzi.

"Za kina mama wa foleni. Yako imezima? Leta, nafasi iko."

"Kila siku?"

"Siku ya kliniki zinafika hata ishirini. Mbona unatoka jasho hivyo? Ama ni malaria?"

Nyibol mwenyewe alikuwa amechaji simu pale mwaka mzima, na bado alipoandika amri za chipu aliandika kwamba betri ni ya friji peke yake. Chipu ingehesabu umeme usiokuwepo, na kengele ya kuonya isingelia friji ikipata joto. Chipu ilikuwa imeutii uongo wake bila dosari.

Akampigia Mutua.

"Bosi, mchoro usitumwe."

"Si uhakiki umepita? Nimeshawaambia wakubwa!"

"Umepita. Nilichoandika ndicho kibaya. Ile ya kuiga ingenilazimisha kuuliza nani anatumia betri."

"Na nani aliikataa, dada? Mimi?"

"Ni mimi."

"Unajua bila mradi huna kazi?"

"Najua."

"Basi andika hivyo, utie sahihi." Akakata simu.

Wako wenye vyeti vikubwa kuliko chake ambao wangenyamaza, wakaacha watoto wa watu walipe. Nyibol aliogopa kama wao, pengine zaidi, lakini aliandika: kosa ni langu. Sahihi ilitoka imepinda.

Ijumaa ilipita, mchoro haukwenda. Jumatatu alifika karakana mapema, akasimama nje ya mlango, hajui kama ataruhusiwa kuingia.