Wengi shambani, wachache kwenye simu: Dolphine na vita vya chumba cha watoto

Saa moja na robo asubuhi, kwenye shamba moja la chai karibu na Kiptere, Dolphine Oketch ana kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, na mdomo usiojua likizo. Vidole vinachuma majani mawili na chipukizi, vinarusha nyuma ya bega, vinarudi. Kutoka mstari wa tatu mwanamke analalamikia bei ya unga. Anajibiwa kutoka mstari wa tano, na kicheko kinasambaa shamba zima.

“Unasikia hao?” Dolphine anauliza bila kugeuka. “Hao ndio watu waliodaiwa hawana maoni.”

Dolphine, mwenye umri wa miaka 34, alitoka upande wa ziwa miaka kumi na mmoja iliyopita kuja kuchuma chai. Siku njema hufikisha kilo arobaini. Siku akikosa wa kumwachia Clifford, kitindamimba wake wa mwaka mmoja na nusu, hachumi kitu, na asiyechuma halipwi.

Ndiyo maana chumba kimoja cha mabati kimemtia vitani. Chumba hicho ni cha kikundi cha wafanyakazi, wakitumie watakavyo. Kwa miaka minne Nyamusi, bibi aliyestaafu kuchuma, amelea humo watoto kumi na tisa mama zao wakiwa kazini.

Machi mwaka huu, mtu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwamba chumba kiwekwe televisheni, watu watazame mpira. Anayekubali aweke dole gumba.

“Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa tano mikono yangu yote iko kwa chai!” anasema. “Nilipotoa simu wakati wa kupima majani, nikapata madole thelathini na saba, na mwenyekiti ameandika, ‘Imepita.’ Imepita wapi? Imepita juu ya watoto wetu!”

Kikundi kina watu 112, na wanawake ni 64. Lakini kwenye WhatsApp wamo 57 tu, wanawake kumi na wanne. Wengine wana kabambe, zile simu ndogo za kupiga na kupokea tu, na kuna nyumba ambazo simu nzuri hukaa mfukoni mwa bwana.

Dolphine aliandika kwa hasira, akaandika tena. Alijibiwa kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja alimwambia akapike. Kufikia saa sita maneno yake yalikuwa yamefunikwa na ubishi kuhusu mshambuliaji gani ni hatari zaidi, na wale wanawake kumi na watatu wenzake hawakuwa wameandika hata herufi moja.

Akadai mkutano wa ana kwa ana. Huko, alijiambia, wingi wao utaonekana.

Jumapili iliyofuata wanaume walikaa kwenye mabenchi na wanawake kwenye nyasi, kama ilivyo desturi yao. Walisimama kuzungumza watu tisa: wanaume wanane, na Dolphine. Alipogeuka kutafuta wa kumuunga mkono, wenzake walikuwa wameinama wakichezea nyasi, na uamuzi ukabaki uleule.

“Haki ya Mungu, nilikasirikia wanawake kuliko wanaume,” anasema. “Kwa mistari wanaongea kama redio. Pale, kimya! Kama wamemwagiwa maji.”

Kesho yake alimvaa jirani yake wa mstari, Gesare. Mbona ulinyamaza?

“Mama Clifford,” Gesare alimjibu, “bwanako anafanya kazi mbali. Wangu alikuwa benchi ya kwanza. Nikisimama, macho niweke wapi? Na kwa simu nikiandika, si jioni atanisomea?”

Dolphine alirudi kuchuma, akiligeuza jibu hilo kichwani siku nzima. 

Siku iliyofuata alikuja na wazo. Kama wanawake wanaongea mistarini, basi mistari ipelekwe mkutanoni. Kwa wiki mbili alimuuliza kila mmoja kama angependa sauti yake irekodiwe. Wengine walikataa, naye hakuwalazimisha. Ishirini na watatu walikubali. Akaazima spika kanisani, akaitisha mkutano wa pili.

Mwenyekiti, Duke Gekara, alipinga palepale. “Mkutano ni wa watu, si wa simu.”

“Mwenyekiti, kwa heshima,” Dolphine akamjibu, “si ni simu ndiyo ilipiga kura?”

Mabenchi yenyewe yalicheka. Spika ikawashwa.

Sauti ya kwanza ilipita, na ya pili. Ya tatu ilianza kwa kukohoa, kisha ikasema, “Mtoto wangu wa pili…” Hapo mtu akasimama kutoka nyasini.

“Zima hiyo, Mama Clifford,” Gesare alisema. “Nitasema mwenyewe.”

Akasema. Kwamba kabla Nyamusi hajaanza kulea watoto, yeye Gesare alimwacha mtoto huyo na dada yake wa miaka sita. Kwamba sufuria ya uji ilipinduka. “Mnaona kovu lake kila siku. Hamjawahi kuniuliza lilitoka wapi. Mkichukua hicho chumba, mwingine ataungua.”

Kwenye benchi ya kwanza mumewe, Isaiah, aliinua kichwa. “Ni kweli,” alisema. “Mimi pia niliweka hilo dole. Ninaliondoa.”

Sauti nyingine ishirini hazikusikilizwa siku hiyo. Wenyewe walisimama kusema. Kura ilipigwa upya, na kati ya watu 96 waliofika, 79 walitaka watoto wabaki.

“Sikuwa na nia mbaya,” anasema Gekara. “Ukiona madole thelathini na saba kwa simu, unadhani umeona kila mtu.” Sasa wamekubaliana kwamba hakuna kura ya simu kabla jambo halijajadiliwa uso kwa uso.

Lakini waliotaka televisheni hawajakata tamaa. Wamesema hadharani kwamba baada ya uchaguzi wa viongozi Desemba watalirudisha suala hilo. Katibu ndiye huandika ajenda, na wadhifa huo haujawahi kushikwa na mwanamke. Dolphine ametangaza kuutaka.

Wiki iliyopita alipata mpinzani. Gesare naye amejiandikisha.

“Nilimwambia kwanza yeye, tena kwa mdomo,” anasema Gesare. “Nikamwambia, Mama Clifford, wewe una kelele nyingi, mimi nitashinda.”

Dolphine anacheka mpaka kikapu kinamtikisika mgongoni. Kisha anapangusa macho kwa kiganja, na uso unarudi kuwa wa kazi.

“Woi, iliniuma kidogo, sitakudanganya. Lakini nilitaka aongee, na ameongea. Nikishinda, atakuwa msaidizi wangu. Akishinda, nitakaa mbele, kwa benchi ya kwanza, nimuunge mkono. Hicho chumba hakiguswi.”