Farasi Chini ya Kitambaa

Kaka yangu anayeishi ng'ambo alinitumia seti mbili za mbao za skeitibodi, zile ambazo vijana wa huko husimama juu yake wakateleza barabarani. Hizi hazikuwa na magurudumu. Zilitengenezwa chache tu, zimechapwa kazi za mchoraji maarufu, za kutundikwa ukutani. Seti moja niliiweka kwangu Songea. Nyingine nilimpelekea mama kijijini Kitura: mbao tatu ambazo ukizipanga pamoja unapata farasi mmoja mwekundu. Wekundu wenyewe, jamani, kama kahawa iliyoiva mtini! Nikazitundika mwenyewe sebuleni.

Niliporudi msimu wa kahawa, farasi hakuonekana. Mama alikuwa amemfunika kwa vitambaa vyake vya kufuma, kama alivyofunika redio na makochi.

"Mama, picha ni ya kutazamwa!" nikafoka.

"Kitu kizuri hivi nikiache kile vumbi?" akajibu, akaenda zake kuanua kahawa.

Nilinuna mpaka walipokuja wakwe wa dada yangu. Baada ya salamu na chai, mama alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaondoa kitambaa kimoja kimoja, taratibu. Mkia. Tumbo. Kichwa. Baba mkwe akaweka kikombe chini. Hata mimi nilimtazama farasi yule kana kwamba sijawahi kumwona.

Seti yangu ya Songea iko wazi ukutani mwaka mzima. Ukiniuliza imechorwa nini, itabidi kwanza nikaangalie.