Mzee wa Reli Aliyekataa Maua Yamwagiwe Maji

Wiki iliyopita tulimzika huko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu, mzee mmoja aliyekuwa kapita wa njia ya reli, yaani msimamizi wa wale wanaosawazisha kokoto na kubadilisha mataruma yaliyooza chini ya vyuma. Mke wake alisema alikuwa na homa siku nne, ya tano hakuamka. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana, lakini nilivuka mto asubuhi na mapema nikakaa matangani hadi jioni. Jirani mmoja akaniuliza tulijuana wapi na marehemu. Nikamjibu, "Nilimfungisha jela." Alicheka, akidhani natania. Sikuwa natania, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wangu jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa zama za Zaire, chama kikiwa kimoja na kila mtu akiitwa sitoyen, yaani raia. Mzee huyo, ambaye siku hizo hakuwa mzee bado, alitoka Katanga, upande ambako mvua hukatika miezi mingi mfululizo. Alipohamishiwa Kindu alikuja na gunia la mimea ya kwao: mishubiri ya majani manene, mikonge midogo yenye mistari ya njano, kichaka cha miiba chenye maua madogo mekundu yanayochanua karibu mwaka mzima, na ule mmea ambao jani lake likianguka chini huota vitoto pembeni. Alivipanda vyote nyuma ya nyumba yake katika kambi ya reli, na mvua za Kindu zikaviozesha karibu vyote. Mtu mwingine angeacha. Yeye alianza upya na vipande vichache vilivyobaki. Aliinua tuta hadi magoti kwa kokoto kuukuu za reli, akachanganya mchanga wa mtoni na vipande vya makaa, akaliweka chini ya ukingo wa paa ili mvua isiligonge moja kwa moja. Baada ya miaka miwili watu walikuwa wanapita kambini kwa makusudi ili kuangalia maua yake.

Mkubwa mmoja wa chama naye alipita. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mgeni mzito angekuja kutoka Kinshasa wakati wa kiangazi, na mji ulitakiwa upendeze. Basi ikatoka amri: maua ya yule kapita yakatwe, yapandwe mbele ya stesheni, na kazi ifanywe Jumamosi kwa salongo, ile kazi ya umma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikosa. Mimi nilikuwa karani kijana wa ofisi ya mtaa. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale na daftari, kuandika nani amekuja na nani hakuja. Kapita hakukataa kukata. Alikata mwenyewe kwa kisu kikali, akapanga vipande kivulini juu ya magunia, halafu akamwambia mkubwa, "Tungojee siku kumi. Kidonda kikauke kwanza, njo tupande." Mkubwa akaona anadharauliwa. Watu wakaagizwa wachukue nusu ya vipande, wachimbe mashimo upande wa kulia wa mlango wa stesheni, katika udongo mweusi, na kupanda siku ileile. Nusu nyingine kapita aliikalia kama kuku juu ya mayai. Alingoja siku zake kumi, kisha akaipanda upande wa kushoto, juu ya kokoto alizozibeba kwa toroli baada ya saa za kazi.

Amri ya pili ilihusu maji. Kila familia ya mtaa ule ilete ndoo moja kila siku, maana kiangazi kimeanza na maua yasipopata maji yatakufa kabla ya mgeni kufika. Siku moja akina mama walipofika na ndoo upande wa kushoto, kapita alisimama mbele ya tuta akanyoosha mikono. "Hapana mwaga mayi hapa," alisema. "Zile zingine ni zenu. Hizi, muziache." Mama mmoja akamjibu kwamba wao wametumwa tu. "Najua mumetumwa," alisema. "Sitawagombeza. Lakini hapa mayi haipite." Nilikaa pale muda wa saa nzima nikiwaangalia. Kisha nikarudi ofisini nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ambao wakubwa waliusifu, kwamba sitoyen fulani, kapita wa njia, amezuia kazi ya salongo mbele ya wananchi. Kesho yake alichukuliwa akafungiwa.

Siku ya tatu mke wake alikuja ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakulia wala hakuomba kitu. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Ni weye njo uliandika jina ya bwana yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimuuliza sababu gani anakataza mayi?"

"Sikumuuliza."

"Basi simama, twende."

Sijui kwa nini nilimfuata. Labda kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo mbele ya wenzangu. Tulipofika stesheni alipiga magoti upande wa kulia, akashika mshubiri mmoja na kuuvuta. Haukuhitaji nguvu. Ulitoka wote, shina limekuwa uji na harufu yake ikatufanya tugeuze nyuso. Akavuta wa pili, ukawa vilevile. Kisha akanipeleka upande wa kushoto, akaniambia nibonyeze jani. Lilikuwa gumu, baridi. "Mayi yake iko humu ndani," alisema. "Inajibebea yenyewe. Ukiongeza, unaiua. Bwana yangu alikuwa anazichunga, na weye ulisema anaharibu."

Nilirudi nikamwendea mkubwa wangu wa ofisi, nikamweleza kwamba nimekosea. Alinitazama kama mtu aliyeletewa ugonjwa nyumbani. Ripoti ilishapanda juu, alisema, na haishuki. Mwishowe akapata njia iliyomfaa yeye: kapita atoke, lakini maua ya pande zote mbili yawe yamepona kabla ya mgeni, na karani aliyeanzisha maneno haya afanye kazi chini yake hadi hapo. Nilikubali haraka. Kwa kweli niliogopa zaidi kulala pale alipolala yeye.

Alitoka siku hiyohiyo mchana, shati limemlegea, na kabla ya kwenda kwake alipita stesheni. Alinifundisha kuukata mmea uliooza, kuendelea kukata juu zaidi kidogo kidogo hadi nyama ionekane nyeupe na safi, kufuta kisu kila mara, kupaka majivu kwenye kidonda. Alinifundisha kwamba jani lililokunjamana lina kiu na litapona, lakini jani laini linalopitisha mwanga limeshiba kupita kiasi, na hilo huokolewa mara chache. Kabla ya kutia tone la maji nilitakiwa nichomeke kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Tulifanya kazi majuma kadhaa bila kutaja kifungo. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwomba msamaha. Hakuacha kukata.

"Mutoto yangu," alisema, "sikukasirika juu uliandika. Kazi yako ni kuandika. Nilikasirika juu ulisimama pale saa muzima, mimi niko mbele yako, na haukuniuliza hata neno moja."

Mgeni hakuja. Safari iliahirishwa mara moja, mara ya pili, kisha watu wakaacha kuizungumzia. Maua yalichanua yakaonwa na abiria waliokuwa wakisubiri treni, na siku zile treni ilisubiriwa sana. Watu waliotoka Pangi na Kampene walimwomba kapita vipande, akawapa wote, kila kipande na maelezo yake, na hakumruhusu mtu kuondoka bila kuyarudia kwa mdomo wake.

Nimefikiri mara nyingi juu ya miaka ile. Tulizoea kudhani kwamba bidii ni kutii kwa haraka na kwa wingi, na kwamba anayesema "ngoja" ni adui wa kazi. Wengi wa wale walioleta ndoo hawakuwa na nia mbaya. Hata mimi sikuwa nayo. Lakini mmea ulikufa kwa maji ya watu wema, na mtu mwadilifu alilala kwenye sakafu ya saruji kwa kalamu ya kijana ambaye hakuwa na ugomvi naye. Ubaya mwingi nilioushuhudia katika utumishi wangu ulikuwa wa namna hiyo.

Miaka mingi baadaye nilipewa ofisi yangu, na makarani wa kuwasimamia. Jambo la kwanza nililofanya ni kuongeza mstari mmoja katika fomu ya ripoti, chini kabisa, mahali pa saini: "Sababu aliyoitoa mwenyewe." Karani aliyeniletea ripoti ya mtu bila kujaza mstari huo, nilimrudisha kwa miguu hadi alipotoka, akaulize. Baadhi yao walininung'unikia. Wengi walirudi na ripoti tofauti kabisa, na mara kadhaa walirudi bila ripoti yoyote, kwa sababu hapakuwa na kosa la kuandika.